Imesomwa na Kukubaliwa

Jumamosi, 8 Februari 2014

Leo na kesho ni siku za kujiandikisha kupiga kura. Foleni imeanzia kwenye lango la shule iliyo mbele yetu hapa Glenwood, imepita roboti, yaani taa za barabarani, imefika duka la simu. Nimeitazama kutoka dirishani nikipiga pasi. Wanafunzi wanaopanga chumba cha juu wameshuka wote, hata yule asiyeamka kabla ya adhuhuri. Mimi Marie-Claire nina miaka minane Durban na karatasi ya mkimbizi, na karatasi hiyo haipigi kura.

Saa nne akaja Séverin, mwenyekiti wa chama chetu cha Wakongomani na Warundi wa parokia. Siku za kawaida analinda magari ya wateja nje ya supamaketi. Siku za chama anavaa suti na anataka kuitwa Président. Alikataa kiti, akasimama mlangoni.

"Mama Deborah, iko kazi yako. Wagombea batatu ba bunge ya province banakuya kusema na batu pa ukumbi ya paroisse. Kila mutu na siku yake."

"Sisi hatupigi kura, Président. Banakuya kutafuta nini kwetu?"

"Pa paroisse iko Wazulu, iko Wahindi. Bale banapiga. Sisi tutaingia palepale. Tutauliza juu ya nyumba, juu ya masomo, na juu ya nani anatusemea. Wewe njo utaandika PV. Nani mwengine anajua?"

Hapo alinipata. Kwetu Uvira nilikuwa karani wa mahakama miaka tisa. PV ni kumbukumbu: unaandika alichosema mtu, jinsi alivyosema, kisha chini yake anaandika kwa mkono wake mwenyewe "imesomwa na kukubaliwa" na kutia sahihi. Akishafanya hivyo hana pa kukimbilia. Huku nasuka nywele Isipingo, karibu na stendi ya taksi, yale mabasi madogo ya huku, na tangu nifike hakuna aliyewahi kuniomba niandike hata barua. Nikakubali kabla hajamaliza kusema.

Nimenunua madaftari mawili. Hili ni la mambo yangu, kwa Kiswahili. Lile la mikutano ni la Kifaransa, kama PV inavyotakiwa.

Jumanne, 11 Februari

Mvua. Wateja wawili, mmoja akaondoka nywele zikiwa nusu.

Jumatano, 19 Februari

Binti yangu Deborah amerudi na barua ya shule. Yuko mwaka wa mwisho, ana miaka kumi na minane, na ni wa tatu darasani kwa hesabu. Barua inasema majina ya watakaofanya mtihani wa mwisho yanafungwa Ijumaa tarehe 16 Mei, na kila mwanafunzi awe na karatasi isiyopitwa na muda. Yetu inaisha mwezi ujao. Tarehe tuliyopewa ya kwenda kuongeza muda ni 10 Juni.

Nimeisoma barua mara nne nikitafuta mlango. Deborah akaniambia, "Mama, ukiisoma mara ya tano haitabadilika." Akaenda kuosha vyombo. Nilimsikia akiviosha taratibu sana.

Jumamosi, 22 Februari

Kikao cha chama kuchagua maswali. Tumepewa maswali matatu kwa kila mgombea, basi watu kumi na wanne wakagombania maswali matatu kwa saa tatu.

La nyumba lilipita upesi, maana wote tunakaa katika nyumba za zamani zilizokatwakatwa vyumba. La shule Séverin alilitaka yeye, aulize kuhusu msaada wa masomo ya chuo. Nilikuwa nimemwonyesha ile barua kabla ya kikao. Alinijibu bila kunitazama, "Mambo ya mutoto moja haiwezi kuwa mambo ya chama." Karani wa PV haombi nafasi ya kusema, na kalamu nilikuwa nayo mimi.

Lililobaki ni uwakilishi. Ninahazwe, jirani yangu Mrundi anayeuza nguo, alinyoosha mkono tangu mwanzo, na ni yeye peke yake aliyenyoosha bila kupiga kelele.

"Hilo swali tupeni sisi Warundi," alisema. "Nasi tunakaa katika nyumba hizo hizo."

Séverin akasema, "Warundi muko bachache. Mungoje kwanza."

Niliandika. Mwisho wa kikao husomwa yote kwa sauti ili watu wakubali, nami nikasoma yote, nikiyarudisha kwa Kiswahili. Nilipofika kwenye "Warundi muko bachache, mungoje kwanza," watu waligeuka kumtazama Ninahazwe. Ni maneno yaleyale aliyoyasema na watu wakayapitisha, lakini kuyasikia yakisomwa ni kitu kingine. Tulikuwa tunaandaa swali la kuwauliza wakubwa nani anawasemea wachache.

"Toa ile," Séverin akasema.

"Ulisema, Président."

"Toa."

"Sitoi."

Akakuna shingo. Akamtazama Ninahazwe, akasema swali la tatu ni lake. Hilo pia nikaliandika. Hata hivyo simpendi mtu huyu, na leo nimempenda kidogo zaidi ya jana, jambo ambalo limeniudhi.

Jumamosi, 1 Machi

Mgombea wa kwanza, Bwana Moonsamy wa Chatsworth. Alileta sufuria tatu za biriani na zikawekwa mbele, kwa hiyo hakuna aliyesikiliza sana.

Nyumba: atawashtaki wenye nyumba wote wanaogawa nyumba moja vyumba kumi. Watu wetu wakapiga makofi kabla Séverin hajatafsiri. Alipotafsiri, makofi yakaishia hewani, maana akishtakiwa mwenye nyumba wetu, sisi ndio tutakaolala nje. Masomo: elimu ni haki ya wote, tena wote, akarudia wote. Uwakilishi: mlango wa ofisi yake uko wazi.

Nikampelekea daftari. Nikamwonyesha pa kuandika, akaandika kama nilivyomwelekeza, akatia sahihi yenye mkia mrefu. Nilirudi kwenye kiti changu mgongo umenyooka. Sikuwa nimefanya kazi yangu kwa miaka minane.

Alhamisi, 6 Machi

Karatasi zetu zimeisha muda leo. Kazini nimesuka watu watatu.

Jumamosi, 15 Machi

Bwana Shezi. Chama chake kina nguvu, kila mtu anasema ataingia bungeni akiwa amelala. Alikuja na fulana mia mbili zenye uso wake. Wakongomani wamezivaa palepale, kama tulivyokuwa tukivaa vitambaa vya wakubwa kwetu. Ninahazwe alichukua mbili, akaniambia ni pamba nzuri ya kupigia deki.

Nyumba: zitajengwa, walio kwenye orodha watapata. Sisi tuko kwenye orodha? Wataangalia.

Kisha Séverin akasimama kuuliza swali la shule. Nilikuwa nimeshaanza kuandika "msaada wa chuo" ili niokoe muda. Akasema kwa Kiingereza chake cha maegesho: iko mtoto hapa Glenwood, darasa la mwisho, ana akili, karatasi yao inangoja tarehe, shule inataka kufuta jina lake. Mheshimiwa anasemaje?

Kalamu ilisimama. Sikumwomba. Hakunitazama hata wakati huo.

Bwana Shezi akaweka mkono kifuani. "Hakuna mtoto atakayeondolewa kwenye mtihani kwa sababu ya karatasi. Nitalisimamia mimi mwenyewe." Watu wakasimama. Niliandika neno kwa neno, kwa furaha, nasema wazi. Akasaini huku akiongea na mtu mwingine.

Njiani nilimwambia Séverin asante. Akasema, "Ile swali ya chuo ilikuwa mbovu." Basi.

Jumamosi, 29 Machi

Wa tatu ni mama, MaCele, mwalimu mkuu mstaafu anayekaa Isipingo. Chama chake ni kidogo. Hakuleta chakula wala fulana, na nusu ya viti vilikuwa vitupu.

Nyumba: alisema hawezi kuahidi, kwa sababu fedha za nyumba zinaamuliwa kwingine na chama chake hakitashika serikali. Masomo: mtoto aliye darasani afanye mtihani, na mkuu wa shule akikataa, mzazi amfuate yeye, atakwenda naye. Ninahazwe akauliza, "Sisi tusiopiga kura, nani anatusemea bungeni?" MaCele alimgeukia. "Hakuna anayelazimika," akasema. "Nikikwambia yupo, nitakuwa nakudanganya." Watu wakaguna. Ninahazwe peke yake akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyejibiwa.

Nikampelekea daftari. Akavaa miwani, akatazama ukurasa kwa muda mrefu, akauliza lugha gani. Kifaransa, nikasema. Ni yaleyale aliyoyasema, asiwe na wasiwasi. Akanirudishia kalamu.

"Sisaini nisichoweza kusoma. Niletee kwa lugha ninayoijua, nitasaini."

Mbele ya watu! Miaka tisa mahakamani hakuna aliyewahi kusema nimeandika uongo. Nikaandika chini ya ukurasa wake: amekataa kusaini. Nikapigia mstari.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimekwenda shuleni na daftari la PV, ukurasa wa Bwana Shezi nimeuwekea utepe. Nilivaa gauni la kanisani.

Katibu wa shule aligeuza daftari huku na huku, akalipeleka kwa mkuu wa shule. Mkuu ni mtu mpole, anaonekana hajalala vizuri tangu muhula uanze. Alitazama sahihi, akatazama maandishi, akaniuliza, "Mama, hapa pameandikwa nini?"

Nikamtafsiria.

"Bwana Shezi anajua Kifaransa?"

Nikasema sidhani.

"Na hii chini, aliyoiandika mwenyewe, ina maana gani?"

"Imesomwa na kukubaliwa," nikasema.

Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Alinirudishia daftari kwa mikono miwili, akasema anasikitika, tarehe ni ileile.

Katika taksi ya kwenda saluni nililia kwa hasira, na hasira yote ilikuwa juu yangu mwenyewe. Nimewapa watu kuandika "imesomwa" chini ya kitu ambacho hawakuweza kukisoma, nikaona fahari. Uvira mtuhumiwa asiyejua Kifaransa alisomewa kwa Kiswahili kabla ya kusaini, ndiyo sheria, na mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea. Huku nimeikumbuka sahihi, nimesahau kusoma.

Jumatano, 16 Aprili

Saluni haikuwa na watu. Deborah alikuja baada ya shule, tukatafsiri PV zote tatu kwa Kiingereza, mimi nikisoma, yeye akiandika kwa mwandiko wake mzuri. Tulipofika kwa MaCele akasimama.

"Mama, hapa umeandika amekataa."

"Alikataa."

"Umeniambia wewe mwenyewe alisema umletee anachoweza kusoma. Hiyo ni kukataa?"

Nikamwambia aandike tu. Akaandika, lakini naona hakuandika "amekataa". Ameandika: anasubiri tafsiri. Sikumrekebisha.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Misa ndefu. Ninahazwe ametuletea ndizi na maharage.

Jumanne, 22 Aprili

Ofisi ya kampeni ya Bwana Shezi. Msichana wa mapokezi alipokea PV ya Kiingereza, akaenda nayo ndani, akarudi nayo. Mheshimiwa anasema hakutumia maneno hayo. Alisema atalifuatilia. Ikiandikwa "atalifuatilia", wataona kama atasaini. Nikamwonyesha sahihi yake kwenye daftari. Akaniambia, kwa adabu kabisa, kwamba ile ni lugha nyingine.

Kwa hiyo aliposaini hakusoma, na aliposoma hakusaini.

Ijumaa, 25 Aprili

Simu ya Bwana Moonsamy inaita tu.

Jumamosi, 26 Aprili

Ninahazwe: "Kwa nini huendi kwa yule mama mwalimu? Anakaa hapo hapo Isipingo, dakika kumi kwa mguu kutoka saluni."

Nikamwambia chama chake hakina nguvu. Hiyo ilikuwa nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni kwamba naona aibu.

Jumatano, 7 Mei

Siku ya kupiga kura. Kila kitu kimefungwa. Foleni imefika tena duka la simu. Wenzake Deborah wa darasani wamepita hapa wakionyesha wino kwenye kidole gumba, wakamwita naye ashuke. Alishuka, akasimama nao, akacheka nao, akarudi. Akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Zanele amepiga kura na hajui hata bunge la mkoa liko mji gani. Mimi najua." Kisha akafungua kitabu cha hesabu. Nimechukia leo, na sijui nimchukie nani.

Jumamosi, 10 Mei

Matokeo. Bwana Shezi ameingia. Bwana Moonsamy pia. Chama cha MaCele hakikupata hata kiti kimoja.

Jumatatu, 12 Mei

Zimebaki siku nne. Nimekwenda.

Nyumba yake ni ndogo, ukuta wa mbele una picha za wanafunzi wa miaka yote. Alinikaribisha chai kabla ya kuniuliza jina. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, nikaishia kusema, "MaCele, nilikukosea. Nimeleta ya Kiingereza."

"Sasa mimi si mgombea wa kitu chochote," akasema. "Unajua?"

"Najua."

"Na bado umeleta."

Akavaa miwani. Alisoma ukurasa mmoja kwa muda ambao mimi ningesuka nusu kichwa. Akachukua kalamu yake, akakata neno. Tulikuwa tumeandika "nitahakikisha mtoto anafanya mtihani". Akaniuliza kama kweli alisema hivyo. Nikakubali kwamba hapana, alisema atakwenda na mzazi. Nilikuwa nimeyanenepesha maneno yake kwa sababu niliyataka manene. Yaani na mimi! Akaandika "nitakwenda naye", akasaini, akaweka tarehe.

"Ijumaa saa ngapi?" akauliza.

Ijumaa, 16 Mei

Nitaandika kwa utaratibu, maana nataka kuikumbuka.

Saa mbili asubuhi tulikuwa langoni: mimi, MaCele na mkoba wake, na Ninahazwe aliyefunga meza yake ya nguo ili aje. Séverin alikuja amevaa suti, ameacha maegesho yake Ijumaa, siku yenye magari mengi kuliko zote. Mfukoni alikuwa na muhuri wa chama. Nilimwomba jambo moja tu, asitoe hotuba. Akasema, "Nasikia, Mama Deborah."

Mkuu wa shule alimsalimia MaCele kwa Kizulu, akasimama. Ilionekana wanajuana kwa majina tu, lakini jina lilitosha kumfanya atoe viti. MaCele hakuomba huruma wala hakutaja siasa. Aliomba aonyeshwe waraka unaosema mtoto aondolewe.

Mkuu akasema uko wazi. MaCele akasema ndiyo, basi tuusome.

Ulikuwa na kurasa sita. Mkuu alifungua ya kwanza, akaonyesha mstari: karatasi isiyopitwa na muda. MaCele akamwomba aendelee. Akasoma kwa sauti, ya pili, ya tatu. Nilimtazama Séverin. Mtu huyu ambaye husimama kuongea hata kwenye ubatizo wa watoto alikuwa ameshika midomo yake kwa vidole viwili.

Ukurasa wa tano, mkuu akapunguza mwendo. Kisha akarudia mstari ule, mara hii kwa sauti ndogo: au tamko la maandishi la mzazi, lenye tarehe ya miadi ya karatasi mpya.

Akavua miwani. "Tulitumiwa pia muhtasari wa ukurasa mmoja," akasema. "Tulifuata muhtasari."

"Nami niliandikia watu wasichoweza kusoma," nikamwambia. Sijui kwa nini nilisema. Nadhani nilimwonea huruma.

Tamko niliandika palepale, kwa Kiingereza, mistari minane, miadi ya 10 Juni imo. Séverin akatoa muhuri. Katibu akasema hauhitajiki. Uso wa Séverin ukaanguka, na MaCele akasema, "Haudhuru kitu, apige." Akapiga, akapuliza wino ukauke, kwa uangalifu wa mtu anayeshika yai.

Kisha wakaleta orodha. Jina la Deborah lilikuwa limeandikwa kwa mkono mwishoni, namba mia na arobaini na mbili, na mahali pa mzazi kusaini. Katibu akaweka kidole. "Hapa tu, mama. Gari la kupeleka linaondoka."

Nikasema nasoma kwanza.

Akapumua kwa nguvu. Dereva akachungulia mlangoni. Nikasoma jina, jina la ukoo, mwaka, mwezi, siku ya kuzaliwa. Mwezi ulikuwa mbaya: wameandika wa nane, Deborah ni wa tatu. Kwa mtihani huo mwezi mmoja unatosha kumnyima mtu cheti. Wakarekebisha, mkuu akatia herufi za jina lake pembeni. Nikasoma tena kutoka juu. Nikasaini.

Nje, Ninahazwe alinishika mkono mpaka kwenye roboti. Séverin akauliza kama sasa anaweza kuongea. Tukamwambia aongee, na akaongea mpaka stendi. MaCele alikataa kusindikizwa, akapanda taksi yake ya Isipingo. Jumatatu nitamfuata nimsuke, kama atakubali.

Deborah aliporudi aliweka begi chini, hakuuliza kama jina limeingia. Aliona usoni kwangu. Aliuliza kitu kingine.

"Mama, ulisoma kabla ya kusaini?"

"Nilisoma," nikamwambia. "Mara mbili. Walikuwa wamekuzaa mwezi wa nane."